Mita Thelathini na Moja

Nilipima mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani utepe umejikunja mahali. Mara ya pili nikajiambia labda mama mshona magodoro aliyenishikia ncha ya pili amesogea kwa kuchoka. Mara ya tatu nikamwomba aikanyage ncha ile kwa kisigino, nami nikarudi kinyumenyume katika ua wa ukumbi, nimeinama kama mtu anayetafuta sindano, hadi mgongo wangu ukagota ukuta. Nikasoma namba. Mita thelathini na moja.

"Ulitaka ngapi?" akauliza yule mama, kisigino chake bado kimekanyaga utepe.

Nikamwambia sitini.

Akageuka kuitazama karakana yao. Ilikuwa na mlango mmoja tu, uliofunguka moja kwa moja kwenye ua ule. Ndani sponji zilipangwa hadi darini, na nje, chini ya kipande cha bati, mabaki yake yalirundikwa kama mawingu machafu. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wameinamia cherehani. Nilimuuliza kama hufanya kazi Jumamosi. Akasema Jumamosi ndiyo siku yao hasa, hawafungi mpaka saa mbili usiku. Kisha akalitazama lile pengo kati yetu, akasema bila kejeli hata chembe, "Basi labda mhamishe ukuta."

Ilikuwa saa saba na nusu mchana, saa yangu ya chakula, na zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili dada yangu aolewe katika ukumbi ule.

Wakati huo nilikuwa karani wa vibali katika ofisi ya mji. Mtu akitaka kutundika bango, kufunga barabara kwa shughuli au kupiga muziki hadharani, alipita kwangu. Tangu mwaka uliotangulia nilikuwa nimeongezewa fataki. Sheria zake zilikuwa kurasa nne, nilizichapa kwa mikono yangu, na nilizijua kama mtu anavyojua njia ya chooni gizani: mita sitini kutoka jengo lolote lenye vitu vinavyoshika moto upesi, awashe mwenye cheti na si mwingine, ndoo mbili za maji na moja ya mchanga ziwepo kabla kiberiti hakijatoka mfukoni, watazamaji nyuma ya kamba, saa tatu usiku mwisho. Fataki yenyewe sikuwahi kuiona kwa karibu. Nilikuwa kama mpishi anayesifika kwa kitabu.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa zimamoto mstaafu, kifua kilimkatalia kazi ya moshi akaletwa ofisini. Watu walimwita Mzee Ndoo, kwa kuwa hakuingia kwenye shughuli yoyote, iwe harusi au mazishi, bila kuuliza ndoo za maji ziko wapi. Wiki ile alikuwa ameitwa kwenye mafunzo mji mwingine, akaniachia ufunguo wa droo ya muhuri. "Muhuri hauna ndugu," aliniambia akinikabidhi, halafu akacheka ili isionekane kama ananiusia. Siku mbili baadaye ndugu yangu akaleta fomu.

Dada alinizidi miaka kumi. Mama alipofariki yeye alikuwa na kumi na saba, mimi saba, na kuanzia hapo alibaki dada kwa jina tu. Kwa kazi alikuwa mzazi. Alinisomesha kwanza, akajisomesha baadaye. Wachumba walikuja na kila mmoja aliambiwa jambo lile lile, kwamba mdogo wake bado hajamaliza masomo, na kila mmoja alisubiri kidogo kisha akashika njia. Mpaka alipofika miaka thelathini na tisa, mwalimu wa darasa lenye watoto sitini, ndipo akatokea fundi wa majokofu aliyeitwa shuleni kutengeneza friji ya jikoni. Aliitengeneza mara nne, ingawa ilipona mara ya kwanza.

Kwa harusi yake Dada hakutaka makuu. Alitaka kitu kimoja.

Mama alikuwa mfanya usafi katika wodi ya majeraha ya moto. Aliyoyaona huko hakuwahi kutusimulia, lakini kila mji ulipokuwa na sherehe na fataki zikaanza kulia, alifunga madirisha, akatundika blanketi juu yake, na kutuketisha sakafuni nyuma ya kitanda mpaka zinyamaze. Mimi niliogopa ule mlio. Dada alinipakata, akaniziba masikio kwa viganja vyake viwili. Yake yalibaki wazi.

"Nimezisikia tangu utotoni," aliniambia jioni aliyonionyesha fomu, tumekaa mezani chumbani kwetu, yeye anasahihisha madaftari. "Sijawahi kuziona. Nataka nizione mara moja, nikiwa nimesimama nje."

Kwenye mstari unaouliza sababu ya maombi alikuwa ameandika neno moja, kwa mwandiko wake wa ubaoni: Furaha.

Fomu ile niliikalia siku tatu, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu. Siku ya pili Baba Mdogo alikuja nyumbani. Yeye ndiye aliyebaki wa upande wa baba, dereva mstaafu wa malori, mwenyekiti wa kamati ya harusi kwa kujichagua. Fataki zilikwisha kununuliwa na shemeji kwenye duka lenye leseni, na Baba Mdogo alikuwa amejipa kazi ya kuziwasha kwa mkono wake, mbele ya wakwe. Alizungumza kwa muda mrefu na kwa upole. Alisema kadi zimeshasambazwa. Alisema mwaka uliopita, kabla ya sheria hizi, watu waliwasha fataki katika ua ule ule na hakuna hata sisimizi aliyeungua. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonichoma zaidi.

"Mita ni nini, mwanangu?" akamalizia. "Ni kamba tu iliyochorwa namba."

Asubuhi ya siku ya tatu nilifungua droo. Nilibonyeza muhuri kwenye kidau cha wino, nikauinua, nikaushikilia juu ya karatasi ya dada yangu. Mkono ulikuwa tayari. Dada huyu, ambaye alikula makoko ili mimi nile wali, alikuwa ameomba kitu kimoja katika maisha yake yote, na kitu chenyewe kilikuwa umbali wa kidole kati ya mpira wa muhuri na karatasi. Nikaona kisigino cha yule mama. Nikauona mlango wao, ule mmoja. Niliurudisha muhuri kwenye kidau, nikachukua kalamu, nikaandika sababu za kukataa kwa sentensi tatu.

Nilipanga kumwambia nyumbani, taratibu, juu ya chai. Lakini mchana ule alikuja mwenyewe. Alichukua namba kama wengine, akakaa kwenye benchi kati ya mwenye bango na mwenye spika, vumbi la chaki likiwa bado kwenye mkono wa blauzi yake. Namba yake ilipoitwa alisimama mbele ya dirisha langu. Sikuwa na pa kujificha. Nilimpa karatasi yake.

Aliisoma yote, kidole kikifuata mistari, kama anavyosoma insha.

"Hujakosea hata herufi moja," alisema. Akaikunja mara mbili. "Asante, karani."

Miaka yote kwake nilikuwa mdogo wangu, mwanangu, wee mtoto, na nilipokuwa mtundu, mbilikimo. Karani sikuwahi kuwa.

Siku zilizofuata tulikula meza moja kama abiria waliokutana njiani. Alinisalimia, nikamwitikia, alinipikia, nikaosha vyombo. Kwa jamaa maneno yalikuwa mengi zaidi. Baba Mdogo hakunisema usoni, lakini ilinifikia kwamba amesema mdogo mtu ana wivu, hataki dada yake atoke mle ndani, basi ameona amkomoe kwa utepe. Usiku huo nilijichunguza kama mtu anavyopekua mfuko wake mwenyewe. Nikaikuta kweli: hofu ya kubaki peke yangu kwenye vyumba viwili ilikuwapo, imejikunyata pembeni, nami sikuwa nimeijua. Nilijiuliza kama ndiyo iliyoandika zile sentensi tatu. Mpaka leo naamini siyo. Lakini nilichelewa kulala.

Aliyenitoa pale ni shemeji. Alikuja ofisini siku ya tano, mkoba wa vyuma begani, mikono inanuka mafuta. Nilijiandaa kujitetea. Yeye hakuuliza kwa nini nimekataa. Aliuliza, "Niambie, sitini inapatikana wapi?"

Kwenye dawati langu watu wote walikuwa wakiuliza kwa nini. Huyu alikuwa wa kwanza kuuliza wapi.

Tulitembea alasiri nne mfululizo, mimi na fundi wa majokofu, tukipima mji kama watu wanaotaka kuununua. Uwanja wa shule ya Dada ulikuwa mpana, lakini nyasi zake zilikuwa zimekauka hadi zinalia chini ya viatu, na nyuma ya ukuta kulikuwa na muuza mitungi ya gesi. Kiwanja cha mnada kilikatizwa na nyaya za umeme. Nyuma ya stendi kulikuwa na kituo cha mafuta, hatukufungua hata utepe. Shemeji hakukata tamaa wala hakuchangamka. Alitembea tu, akikunja utepe na kuukunjua kwa ile subira ya mtu aliyezoea kutafuta tundu la hewa katika bomba. Siku ya nne, robo saa kwa miguu kutoka ukumbini, kupita nyumba za mwisho, tulifika kwenye shimo la kokoto la zamani.

Lilikuwa limeachwa miaka mingi. Kuta zake zilikuwa mwamba mtupu, sakafu yake changarawe, na upande wa chini maji ya mvua yalikuwa yametuama, mazito na ya kijani. Hapakuwa na unyasi wa kuungua. Tulipima kuelekea nyumba iliyo karibu zaidi, utepe ukaisha, tukaanza upya, ukaisha tena. Shemeji akaketi juu ya jiwe akacheka peke yake.

Mwenye cheti tulimpata kwa maelekezo ya zimamoto. Alikuwa mama mmoja mkavu, mwenye sauti ya chini, aliyepasua miamba katika shimo lile lile ujanani mwake. Alikuja akalitazama, akatikisa kichwa kama aliyekutana na jirani wa zamani. Masharti yake yalikuwa machache. "Siku hiyo," alisema, "hata bibi harusi ananisikiliza mimi." Na kwa kuwa bibi harusi alikuwa wa kwetu, niliwaomba zimamoto wapime wenyewe na kuweka sahihi yao kwanza, nisije nikawa mchezaji na mwamuzi. Halafu ndipo nikagonga muhuri.

Shemeji ndiye aliyempelekea Dada habari. Aliniambia baadaye kwamba Dada aliuliza kama kweli watu watatembea mpaka huko na viatu vya harusi. Naye akamjibu kwamba watatembea.

Walitembea. Jua lilikuwa linazama tulipotoka ukumbini, watu wapatao mia, suti na magauni katikati ya barabara ya vumbi, shangazi zetu viatu mkononi na kicheko mdomoni. Baba Mdogo alisema tangu azaliwe hajawahi kusikia harusi inayokwenda machimboni, na kila mita mia aliuliza kwa sauti kama tumefika nchi jirani. Alikuwa amevuliwa kazi ya kiberiti mbele ya wakwe, na heshima yake ilikuwa bado inavuja damu.

Ilipofika saa moja na nusu watu walikuwa wamejipanga nyuma ya kamba, juu ya ukingo. Chini, mama mwenye cheti alikuwa amezika mirija yake ya fataki katika mchanga, ndoo zake zikiwa pembeni. Nilisimama mwisho wa kamba, kazini, na gauni langu la msimamizi wa bibi harusi. Nilipaswa kutazama watu. Nilimtazama mmoja.

Ya kwanza ilipanda na mluzi mwembamba, ikapotea, tukadhani ndiyo basi. Kisha anga likafunguka kwa rangi ya dhahabu, na mlio ukaja nyuma yake, ukagonga mwamba huku na kule. Nilimwona Dada akiinua viganja vyake. Vilifika usawa wa kifua, vikasimama, kana kwamba vinatafuta kichwa cha mtoto. Kisha akavishusha. Aliinua uso, mdomo wazi, na mwanga ukamwosha, mwekundu, mweupe, kijani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona dada yangu akiwa hana wa kumwangalia.

Ya saba ilikataa. Cheche zilikimbia kwenye utambi, zikaingia ndani ya mrija, kimya. Mama mwenye cheti alirudi nyuma haraka, akainua kitambaa chekundu, akatangaza kwa ile sauti yake ya chini, mwamba ukiirudisha kwetu, kwamba hakuna anayesogea kwa nusu saa. Fataki iliyokataa haifuatwi, inasubiriwa, na hata baada ya hapo inafuatwa kwa maji. Watu wakanung'unika kidogo. Mama mwenye cheti alikuwa upande wa pili wa shimo, karibu na maji.

Baba Mdogo akasema nusu saa ni ya nini, kitu chenyewe kimekosa pumzi tu. Akainama chini ya kamba.

Nilimwita. Alinisikia, maana aliinua mkono bila kugeuka, kama mtu anayefukuza nzi. Alikuwa anateremka ule mteremko wa changarawe kwa viatu vyake vya kung'aa, kiberiti cha gesi mkononi. Nilimwita tena na sauti yangu ikapasuka. Karani hasikilizwi machimboni.

Ndipo ikaja sauti nyingine. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa sauti inayojua kufika dawati la nyuma kabisa, siku ya Ijumaa, saa ya mwisho.

"Baba Mdogo. Rudi ukae."

Alisimama. Aligeuka, mzee wa miaka sitini na kitu, akamwona bibi harusi amenyoosha kidole mahali pa kukaa. Sijui nini kilimpitia. Nadhani hata yeye hajui. Alipanda mteremko, akapita chini ya kamba, akakaa kwenye changarawe na suti yake. Watoto wa shule waliokuja na mwalimu wao wakacheka, kwa kuwa walijua hasa anavyojisikia. Alianza kujikung'uta, akisema kwamba katika miaka thelathini ya malori—

Mrija ulilipuka. Ulianguka ubavu na fataki ikatoka imelala, ikapita juu ya mahali ambapo angekuwa ameinama, ikapiga mwamba na kupasuka, nyeupe na kijani, usawa wa kifua cha mtu. Moshi ulipotulia tulisikia kokoto zikibingirika moja moja hadi majini. Baba Mdogo alikuwa anatazama mikono yake, akaigeuza, akatazama viganja, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokopesha.

Mama mwenye cheti akatangaza kwamba nusu saa inaanza upya. Safari hii hakuna aliyenung'unika.

Ilikuwa nusu saa ndefu na nzuri. Watu walikaa chini na nguo zao za thamani. Mtu akaanzisha wimbo. Dada alikuja mwisho wa kamba nilipokuwa, akakusanya gauni lake, akaketi juu ya jiwe nililokuwa nimekalia, tukabanana.

"Nilidhani unanizuia nisiondoke," alisema hatimaye.

"Hata mimi nilidhani hivyo," nikamwambia. "Nikapima tena."

Alicheka kwa pua, kicheko chake cha chumba cha walimu. Akaniegemea. Tulikaa hivyo mpaka kitambaa chekundu kiliposhushwa, na zilizobaki zote zikapanda, na hakuna iliyokataa.

Imepita miaka kumi na minane. Mzee Ndoo alistaafu, meza yake ni yangu sasa, na watu bado wananiambia kwamba mwaka jana hakuna kilichotokea. Nawajibu kwamba najua. Karakana ya magodoro ingali pale na sitajua kamwe kama ingeungua. Kazi yangu ikifanywa vizuri haina ushahidi. Kwa hiyo nimejifunza kumalizia kila karatasi ya kukataa kwa sentensi moja ambayo sheria haikuidai: mahali ambapo inawezekana. Baba Mdogo, Mungu amrehemu, mpaka mwisho wa uhai wake aliandamana nami kwenye maonyesho ya fataki, akishika kamba, mkali kuliko polisi.

Lakini siku hizo zikinijia, kinachotangulia si fataki. Ni asubuhi iliyofuata. Mabaki yalitakiwa kuokotwa, basi nilikwenda shimoni mapema na gunia, nikidhani niko peke yangu. Nikamkuta Dada, mke wa mtu tangu jana, amevaa mabuti ya mumewe yanayompwaya, anamwagia maji vipande vya boksi vilivyoungua kabla ya kuvigusa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa amesoma kurasa zote nne za sheria. Tuliokota vijiti, karatasi, udongo uliochomwa, hadi changarawe ikawa changarawe tena. Gunia lililolowa lilikuwa zito. Tulilishika huku na huku tukaanza kupanda, na kama kawaida yake alikwenda upande wa chini, unaoelemewa.

Nikamwambia abadilishe.

Alinitazama, gunia likining'inia kati yetu, maji yakidondoka. Kisha akapita mbele yangu, akashika upande wa juu, tukapanda.